Ufukwe Niliowachagulia Wamama wa Chai

Aibu yangu mnaijua, msijifanye. Kila nikifika kituo cha kupimia majani na kikapu mgongoni, lazima mmoja wenu aangalie mto ule pale chini aniulize, "Mama Kiprono, maji bado iko?" na wote mnaangua kicheko. Sawa. Leo wacha niseme yote kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu ile hadithi mnapitishiana imeshaongezwa chumvi (ati nilipanda mnazi! Mnazi nitapandia wapi mimi na haya magoti?).

Ilianza na uongo mdogo. Kuna mwaka nilienda semina ya wakulima Mombasa, siku tatu ndani ya ukumbi, na bahari niliiona kupitia dirisha la basi, kidogo tu, halafu lori likaifunika. Lakini niliporudi kwetu Kipkelion niliongea mara mawimbi, mara mchanga mweupe, mpaka watu wakaamini nimeogelea. Kwa hivyo chama chetu cha wamama wa chai kilipoamua bonasi ya mwaka huu itupeleke Unguja kuona bahari, mwenyekiti wetu, Mama Chebet, hakupigisha hata kura. Alininyoshea kidole. "Wewe ndiye umefika. Tuchagulie ufukwe mzuri, na ukumbuke tunaenda na Kogo."

Kogo ni mama mkwe wake, nyanya wa miaka themanini na kitu. Marehemu mume wake alifanya kazi ya reli, akafika pwani, akarudi akamwambia kuna maji ambayo huwezi kuona ng'ambo yake, na yote ni ya chumvi. Kogo akamwambia wewe ni mwongo, ni nani huyo angetia chumvi maji yote hayo? Walibishana maisha yao yote, mzee akiahidi kila mwaka atampeleka aonje, mpaka mzee akafa. Sasa Kogo alitaka kitu kimoja tu kabla miguu haijakataa kabisa. "Nataka nionje mwenyewe," aliniambia, amenishika mkono. "Nijue kama nilimwonea bure."

Hapo ndipo ningesema ukweli, jamani, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Kogo, hiyo niachie mimi."

Nikakaa na simu jioni tatu nikitazama fukwe za kisiwa kizima. Nungwi, kule kaskazini, maji ni ya buluu mpaka nikaunguza ugali, lakini niliona mtu akipiga hatua chache tu maji yanamfika kifuani, nikamwona Kogo anazama, nikaifuta. Paje ilikuwa na watu wanavutwa na matanga hewani, nikaona mmoja akimwangukia Kogo, nikaifuta pia. Halafu nikaona Jambiani, upande wa mashariki, mtu anatembea mbaaali na maji bado yako kwa goti, yametulia kama bwawa la kunyweshea ng'ombe. Nikasema hapa. Na hata leo nasema nilichagua vizuri, kosa halikuwa ufukwe. Kosa lilikuwa saa.

Tulikuwa na asubuhi moja tu ya kuingia majini, kwa sababu saa nane basi lilikuwa lituchukue turudi bandarini. Bwana Haji, mwenye nyumba ya wageni tuliyolala, akaniambia kwa upole, "Mama, nendeni saa tano ndiyo vizuri." Nikamkata maneno. Saa tano! Saa tano sisi watu wa chai tumeshachuma, tumeshapima, tumerudi nyumbani kukamua! Nikajisemea hawa watu wa pwani wanapenda usingizi. Nikawaamsha wamama saa kumi na moja alfajiri, kulipokucha tukashuka kumi na wanane, tumejifunga leso, tunaimba wimbo wa kanisa, Kogo mbele na chupa tupu ya soda mkononi.

Hatukukuta bahari.

Nisikieni vizuri. Kulikuwa na mchanga, matope, majani ya kijani yametandazwa, na mashua moja imelala ubavu. Maji yalikuwa mstari mweupe huko mwisho wa macho, na yalikuwa bado yanaenda. Wimbo ukaisha. Mama Chebet akanigeukia polepole. "Mama Kiprono. Maji iko wapi?" Kogo aliangalia chupa yake tu, na hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Na mimi badala ya kunyamaza nikakumbuka video nyingine niliyoona kwenye simu, kwamba bahari ikirudi nyuma hivyo inajikusanya, halafu inakuja ukuta mzima. "Woi! Tsunami!" nikapiga nduru. "Kimbieni! Kimbieni mlimani!"

Mlima gani? Pwani haina mlima! Lakini wamama wakakimbia, wengine bila viatu, tukapita katikati ya kijiji, watu na mandazi yao mikononi wanatushangaa, mbuzi wawili nao wakajiunga. Mimi nilimbeba Kogo mgongoni kama gunia la majani, na yeye ananigonga kichwa na chupa, "Nishushe! Sijaonja!" Tukapanda ngazi za Bwana Haji mpaka juu ya paa, ambapo wageni wawili wazungu walikuwa wanakunywa chai yao, na hapo, nikijua nakufa, nikapiga magoti nikaomba kwa sauti yote Mungu alinipa: "Baba nisamehe, nilidanganya, mimi hata sijawahi kugusa bahari!"

Kumi na saba wamesikia. Kogo akiwemo.

Bwana Haji akatokea kwenye ngazi ameshika birika. "Mama, maji yamekupwa tu. Hutoka, hurudi. Saa tano yatakuwa pale ukutani."

"Leo?" nikauliza.

"Kila siku, mama. Tangu dunia iumbwe."

Weeh. Walicheka mpaka mmoja akalala chini. Mama Chebet peke yake hakucheka. "Tushuke tungoje," akasema. "Yasiporudi, wewe utarudi Kipkelion kwa miguu."

Nikakaa kwenye mchanga masaa manne mazima, sikunywa hata chai. Wanawake wa pale walikuwa wanachuma mwani kule matopeni, wamama wetu wakaenda kuwasaidia, mikono yetu si inajua kuchuma, na mimi nikabaki naangalia ule mstari mweupe vile unaangalia ng'ombe anayetaka kuzaa. Halafu kitu saa nne na nusu Mama Chebet akaniita. "Ona ile mashua."

Ilikuwa imesimama wima. Maji yalikuwa chini yake, tena yanakuja! Nililia, jamani, kwa furaha, mbele ya watu, na sikujali.

Nikamshika Kogo mkono tukaingia mpaka magotini. Akainama, akateka kwa kiganja, akaonja. Akatema. Halafu akacheka, akacheka mpaka machozi. "Kumbe mzee hakunidanganya!" Kisha akanigeukia. "Mwongo ni wewe."

"Ni mimi, Kogo."

"Basi onja na wewe, usirudi nyumbani tena bila kufika." Akanishikia kiganja mdomoni kama mtoto, nikameza yote.

Kwa hivyo chekeni. Mimi nimeapa, mahali sijafika nitasema sijafika, na mwenyeji akiniambia saa tano nitakuja saa tano na robo. Ile chupa Kogo aliijaza, iko dirishani kwake karibu na picha ya mzee, na nikipita hapo ananiita nionje tena kidogo, ati nisisahau.