Mkopeshaji Asiyeshika Pesa Jumapili

Dada yangu ni fundi wa nguo Mashimoni. Alipopata oda ya sare za shule, alikopa pesa za vitambaa kwa mwenye ploti mmoja wa nyumba za kupanga kule Gatina, mzee wa kanisa anayesifiwa kwa kutouliza maswali mengi. Dhamana ilikuwa cherehani. Masharti yalikuwa ya mdomo: ukichelewa hata siku moja kuna faini, na usipomaliza deni pamoja na faini, cherehani inabebwa. Kutumiwa kwa simu hakutaka. Alitaka noti mkononi.

Siku ya kulipa aliichagua mzee mwenyewe. Ilikuwa Jumapili.

Malipo ya sare za kwanza yalitosha deni, kwa hiyo tulienda kumsubiri nje ya kanisa lake. Dirishani nilimwona akipitisha kapu la sadaka, akizipapasa noti zilale vizuri. Alipotoka, dada alimpa bahasha kwa mikono miwili. Mzee akaficha mikono yake mgongoni.

"Leo ni siku ya Bwana, mama. Mimi sishiki pesa Jumapili. Kuja kesho."

Kwetu, mtu akishataja Mungu hubishani naye. Dada aliomba msamaha, tena akamshukuru.

Jumatatu asubuhi mzee alihesabu zile noti, akatoa faini kwanza, kisha akasema deni halijaisha.

"Lakini jana nilikuwa nayo yote, mzee. Uliiona."

"Niliiona. Sikuipokea."

"Si wewe ndio ulisema nikuje leo?"

"Nilisema kuja, sikusema ni bure. Mimi ndiye nilipumzika, mama. Riba haipumziki." Akanitazama kama aliyetegemea nicheke.

Nilienda kuwauliza wapangaji wake waliokuwa bombani. Fundi wa viatu alikuwa amemkopa, muuza mitumba pia. Wote wawili walikuwa wamepangiwa Jumapili.

"Huyo ni mtu wa maombi," muuza mitumba aliniambia. "Anaomba uchelewe."

Mchana mkokoteni ulikuja Mashimoni ukabeba cherehani. Sare zilizobaki zilikuwa zimekatwa tayari, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mzee akatoa wazo: dada aje ashonee stoo kwake, alipie cherehani kila siku. Malipo hayo hayangepunguza deni. Nilimwambia dada akatae.

"Na watoto wa watu wavae nini?" akaniuliza.

Nikamsindikiza. Stoo ilijaa mitungi ya gesi, televisheni, kitanda cha mtoto, vyote vya watu. Dada alipangusa vumbi kwenye cherehani yake, akaketi. Kabla hajatunga uzi, mzee aliingia na suruali yake ya kanisani.

"Nipunguzie hapa chini, mama. Hiyo ni kazi ndogo, si ya kulipana."

Nilitoka nikatema mate mlangoni pake. Ndani, dada alikuwa akimuuliza apunguze kiasi gani.