Magoti Mbele ya Wakwe

Muuguzi wa Bariadi aliyenifundisha kuutunza mguu wangu aliyataja mambo yake kwa wepesi: uoshe kwa sabuni asubuhi na jioni, ukaushe mpaka katikati ya vidole, uuinue ukikaa, usiuache upate hata mchubuko. Mepesi kwake. Hakuwa na mama mkwe kama wangu.

Mguu wa kushoto ulivimba baada ya uzazi wa tatu, ukakataa kurudi. Zamani zile za foleni, sabuni ilipokuwa adimu, ushauri wa kuosha mara mbili kwa siku ungekuwa dhihaka. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, sabuni za kila rangi zimejaa madukani na mitumba imemwagwa chini sokoni. Soko huria lilileta kila kitu isipokuwa kiatu cha kunitosha.

Wanunuzi binafsi wa pamba nao walikuja kijijini kwetu Ngulyati siku waliyojisikia, kwa hiyo magunia yalikaa ndani yakiwasubiri. Nikayafanya mto wa mguu. Mama mkwe akinikuta nimelala hivyo, anaguna na kuniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu.

"Mayu, pamba ni ya kuuza, si ya kulalia. Mguu huo umekanyagishwa dawa ya wachawi. Uchanjwe, maji yatoke."

"Muuguzi amekataza wembe, mama."

"Huyo muuguzi ni Msukuma?"

Nikauinua mguu, nikaurudisha juu ya gunia.

Kisha wazee wa Lagangabilili, upande wa kijana aliyemposa binti yangu, wakatuma habari kwamba wanakuja kuzungumzia mahari. Kwetu mwanamke huwasalimu wazee kwa kupiga magoti. Mimi nikiukunja mguu ule, ngozi ya kifundo inapasuka, na ikipasuka homa haikawii. Nilimweleza mume wangu.

"Si dakika moja tu?" akasema.

Mama yake akaongeza: "Wakikuona umesimama kama nguzo, watasema binti naye ana kiburi. Posa ikivunjika usimlilie mtu."

Hapo ndipo waliponipata. Niliogopa kumharibia mtoto, nikapiga magoti. "Mwangaluka," nikawaamkia, na ngozi ikaachia hapo hapo. Wageni wakaisifu adabu yangu. Walipoondoka nikaanguka kitandani natetemeka, mguu unawaka moto. Mama mkwe akasimama mlangoni na kuniambia, "Si nilisema uchanjwe?" Kama ningekuwa na nguvu ningemrushia kata ya maji.

Siku ng'ombe walipoletwa, nilikuwa nimechoka na adabu. Nilikaa kwenye kigoda, mguu juu ya gunia la pamba, nikawaamkia wazee kwa kuinamisha kichwa tu. Mume wangu akatazama paa. Mama mkwe akasonya. Posa bado ilikuwa mikononi mwao; wangeweza kurudi na ng'ombe wao.

Mzee wa upande wa bwana harusi aliutazama ule mguu, akasogeza kiti karibu.

"Mayu, unaumwa?"

"Naumwa, baba. Nikipiga magoti unapasuka."

"Na siku ile ulipiga!"

"Nilipiga."

Akatikisa kichwa. "Ungesema tu, mayu. Nani angekukatalia?"

Nikageuka kumtazama mume wangu, kisha mama yake. Wote wawili walikuwa wameshatoka kwenda kuangalia ng'ombe.