Koo Ndani ya Mkoba wa Sepiuta

Wenye maduka wa kisiwa cha Vava'u walikuwa hawaogopi kimbunga kama walivyouogopa mkoba wa Sepiuta Moala, mkaguzi wa bidhaa. Ndani yake mlikaa kikopo cha plastiki ngumu, upana wake sawasawa na koo la mtoto mdogo. Kipande cha kichezeo kikizama humo chote, kichezeo hicho kinaondoka dukani siku hiyo hiyo. Mwenyewe alikiita koo.

"Dada, leo umekuja na koo?" walikuwa wakimuuliza, wakicheka kwa shida.

"Nimekuja nalo, na lina njaa."

Nilimwendeshea gari miaka tisa, na miaka miwili ya kwanza nilimchukia. Hakuacha kitu. Chaja aliipima kwa kiganja akasema ndani hamna kitu, nyepesi mno. Krimu aliinusa, akakunja uso. Viatu vyangu vipya alivikwangua nembo kwa ukucha, nembo ikabanduka, na siku nzima akanicheka. "Vili, umevaa maboksi."

Halafu ukaja mwaka wa kasa. Katoni moja ya kasa wa plastiki wanaoimba, ishirini na wanne, wote feki. Kifuniko cha tumboni hakikuwa na skrubu, na ndani mlikuwa na betri moja bapa, ya kung'aa, kama ya saa. Tuliagizwa tuwakusanye wote. Wiki mbili tukazunguka maduka, nyumba, hadi chumba cha watoto kanisani, tukapata ishirini na watatu. Wa mwisho hakuonekana.

Hatukutafuta makaburini. Nani angetafuta huko? Kitu kikishawekwa juu ya kaburi ni mali ya marehemu. Hakiguswi, hata mvua ikikiozesha.

Mama mmoja aliyekuja kurudisha kasa wake ndiye aliyetuambia, tena kwa kunong'ona. "Kule kaskazini kuna mwingine. Anaimba kaburini, mchana. Ni yule marehemu mtoto Samiu anayeimba."

"Anaimba kwa betri," akasema Sepiuta. "Vili, washa gari."

Tulifika saa tisa alasiri. Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba, yamemwagiwa mchanga mweupe, na shuka la viraka limetundikwa kichwani mwa kaburi dogo. Hapakuwa na upepo, lakini shuka lilikuwa likitikisika. Mama wa mtoto, Kalolaine, alikuwa amekaa mchangani na bintiye Lupe mapajani, mtoto wa mwaka mmoja. Alituashiria tunyamaze.

Kasa akaimba. Wimbo wa kitoto, wa sauti ya puani, mwanzo hadi mwisho. Nywele za shingoni zilinisimama, sioni aibu kusema.

"Kila siku saa hizi," Kalolaine alisema. "Ndiyo saa aliyokuwa akiamka. Namleta mdogo wake amsalimie, kwa vile Jumamosi wanamchukua."

"Nani wanamchukua?"

"Ukoo wa mume wangu. Wanasema nilifua nguo Jumapili, siku ambayo kazi ni mwiko, ndiyo maana Samiu alikufa. Wanaogopa na huyu nitamuua."

"Na utamuua," ilisema sauti nyuma yetu. Alikuwa mama mkwe wake, Bibi Lesieli, amejifunga mkeka wa msiba kiunoni ingawa miezi saba ilikwisha kupita tangu mazishi. "Nyie wa serikali mmefuata nini kwenye kaburi la mjukuu wangu?"

Sepiuta alimwomba radhi, akapiga magoti. Kwanza akamwomba radhi Samiu kwa jina lake, kisha ndipo akamwinua kasa. Bibi alipiga kelele. Mimi niliangalia pembeni, maana sikuwahi kuona mtu akichukua kitu cha marehemu, na sikutaka kuanza siku ile.

Kifuniko kilifunguka kwa kidole kimoja. Ndani hamkuwa na betri.

Nafasi ilikuwa tupu, safi, haina hata kutu. Na sote watatu, Kalolaine, Sepiuta na mimi, tulikuwa tumemsikia akiimba.

Sepiuta alipitisha kidole kwenye nafasi ile. Halafu akauliza polepole, "Bibi, Samiu aliumwa vipi?"

"Alikataa chakula. Akatokwa na mate. Siku ya tatu akatapika damu, na kabla hatujamtoa mlangoni akakata roho. Kwani hiyo si dalili ya mizimu iliyokasirika?"

Sepiuta akatoa kikopo mkobani. Akachukua sarafu ya seniti tano inayokaribia ukubwa wa ile nafasi tupu, akaidondosha. Ilizama yote, ikagonga chini.

"Hili ni koo la mtoto wa umri wake," alisema. "Betri ikikwama humo inaunguza nyama, kimya kimya, siku mbili tatu. Si kufua nguo, Bibi. Betri ilikuwa ndani ya mtoto. Mlimzika nayo."

Kalolaine alimkumbatia Lupe hadi mtoto akalia. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake, nami nikaelewa kwamba kuna neno analizuia mdomoni kwa nguvu zake zote.

Bibi Lesieli ndiye aliyelitoa. "Mimi ndiye niliyemnunulia," alisema. "Siku aliyotimiza miaka miwili. Na mkwe wangu huyu alijua ni mimi, na hata sasa hajanitupia hata neno."

"Hatukujua habari za betri, mama. Ulimpenda," alisema Kalolaine.

Bibi aliufungua ule mkeka kiunoni, akautandika mchangani, akakaa karibu na mkwewe. "Jumamosi wakija," alisema, "watanikuta mimi mlangoni." Kisha akamgeukia Sepiuta. "Niachie huyo kasa. Nimsikie mara moja tu."

"Siwezi, Bibi. Samahani sana."

Tuliondoka na kasa akiwa mkobani, tumbo wazi, na mkoba ukiwa juu ya magoti ya Sepiuta. Kwenye kona ya kanisa akaanza kuimba. Nilikanyaga breki hadi gari likayumba.

"Usisimame," Sepiuta alisema. Alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili, kwa uangalifu, na machozi yanamtoka. "Mwache amalize."

Alimaliza. Sijamsikia tena.

Ofisini nilishika kalamu, fomu mbele yangu. "Dada, hapa kwenye hali ya bidhaa niandike nini?"

"Andika haina betri," alisema, akaenda kunawa uso.