Bibi Lorene na Ubao wa Matusi

Kwa miaka thelathini na mmoja Lorene Unruh aliwapikia chakula na mikate watoto wa shule ya Halvern, kule Kansas, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyepata kusikia tusi likimtoka kinywani. Siku sufuria la mchuzi lilipomchoma mkono hadi kiwiko, alisema "Jamani!" akaagiza barafu. Alikuwa Mmenonite wa kuzaliwa, mmoja wa wale Wakristo wa ngano na amani, wasioshika bunduki wala kula kiapo. Mambo hayo hakuyahubiri. Aliyaishi tu.

Sasa tazameni Mungu alimpa jirani gani. Ng'ambo ya barabara alikaa Dwayne Pruitt, mchomeleaji vyuma, mtu mwenye ulimi uliooza. Baraza la mji lilipomkatia mwaloni wake bila hata kumwuliza, alisimamisha ubao mbele ya nyumba, mkubwa kama mlango wa ghala, akaandika kwa rangi nyekundu maoni yake juu ya meya na juu ya mama aliyemzaa meya. Maneno yenyewe siyaandiki hapa. Nami nina mama.

Ubao ule ulitazamana na dirisha la jiko la Lorene, tena ulikuwa njiani kwenda kanisani. Lorene alichukia, alichukia hasa. Akazunguka nyumba kwa nyumba na rafiki yake Erma Goering wakikusanya sahihi. Baraza lilikuwa likitafuta kisingizio siku nyingi, nalo likaandika sheria upesi: ubao wowote unaoudhi umma ung'olewe. Kura ingepigwa Jumanne, na msemaji wa kwanza angekuwa Lorene mwenyewe.

Jumanne ukumbi ulifurika. Kwa desturi ya Halvern, anayeshtaki huapa kwanza, kisha hupewa dakika tatu.

"Bi. Lorene, inua mkono wa kulia ule kiapo," alisema karani.

"Mimi sili kiapo, mwanangu. Unajua."

"Aa, samahani, nimepitiwa." Karani akageuza karatasi. "Unathibitisha kwamba utasema kweli?"

"Nathibitisha."

Sauti ya Pruitt ikanguruma kutoka nyuma. "Mnaona? Sisi wote tunaapa, yeye ana mlango wake wa pembeni! Nani alikutobolea mlango huo, Mama Mikate? Meya?"

Watu wakaangua kicheko. Meya akagonga meza. "Pruitt! Subiri zamu yako!"

Lorene hakucheka, maana swali lilikuwa limemwingia. Alijua fika nani aliyemtobolea mlango ule. Walioandika katiba ya Marekani waliwaachia nafasi watu wasioapa, ingawa walikuwa wachache na wasumbufu. Akamkumbuka babu yake Tobias. Mwaka 1918 babu alikataa kununua hati za kuchangia vita, na majirani wakaja mchana kweupe na ndoo za rangi wakalipaka ghala lake manjano, rangi ya waoga, kumwaibisha. Nao walikuwa wengi. Nao walisema anaudhi umma. Babu hakulipaka upya mpaka anakufa, na Lorene alicheza utoto wake wote chini ya ukuta ule wa manjano.

Erma na akina mama wa kanisani walikaa mstari wa mbele, karatasi ya sahihi mapajani. Kurudi nyuma sasa kulikuwa ni kuwaaibisha na kujiaibisha. Kusema alichokuja kusema kulikuwa ni kushika ndoo ya manjano. Akatazama saa ya ukutani: dakika moja ilikuwa imekwisha.

"Nilikuja kuomba ubao ule ung'olewe," alisema hatimaye. "Sasa naomba uachwe."

"Lorene!" Erma aliruka. "Una wazimu? Wiki mbili tumezunguka na jua lote lile!"

"Najua, Erma, miguu inaniuma mpaka leo. Lakini niambie, mwaka ule wa rangi, nani alikuwa anaudhi umma? Si babu yangu na babu yako?"

Erma akaketi tena.

"Maneno ya Pruitt ni uchafu," Lorene aliendelea. "Angekuwa mwanangu ningemsugua ulimi kwa sabuni. Lakini sheria ni msumeno, Bwana Meya, hukata mbele na nyuma. Leo mnamng'olea yeye ubao. Kesho atakuja meya mwingine atakayeudhika na bibi kizee asiyeapa. Katiba iliyoniachia nafasi mimi imemwachia na huyu. Naiondoa sahihi yangu."

Taa nyekundu ikawaka, dakika zimekwisha. Erma akasimama taratibu, akiegemea fimbo.

"Na yangu," alisema. "Lakini sabuni nitaleta mimi."

Nyuma yake wakasimama wengine, safu kwa safu. Sheria ikaanguka kwa kura nne kwa moja, hiyo moja ikiwa ya meya mwenyewe. Vifijo vilitikisa madirisha.

Asubuhi iliyofuata Lorene alivuka barabara na kapu la mikate ya siagi.

"Umefuata shukrani?" aliuliza Pruitt.

"Nimekuja kuomba. Hakuna awezaye kukulazimisha, nimehakikisha mwenyewe. Ndiyo maana naomba. Jumapili watoto hupita hapa kwenda kanisani."

"Sing'oi!"

"Nani kasema ung'oe?"

Pruitt alitafuna mkate wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akageuka kuutazama ubao wake.

Jumapili saa tatu asubuhi ubao ulikuwa umefunikwa shuka la maua. Pruitt, shati safi mwilini, alisimama kando yake akilishika kwa mikono miwili lisipeperushwe na upepo wa Kansas, usiojua adabu.

"Nani kakulazimisha, jirani?" Lorene alimpigia kelele akipita.

"Hakuna mtu!" alifoka Pruitt. "Hakuna mtu kabisa!"

Lorene alicheka njia nzima hadi kanisani, na siku hiyo aliimba kwa sauti kubwa mno, mpaka Erma akamtia kiwiko.