Maji ya Mirija Miwili

Miaka yote fundi pikipiki alisawazisha kabureta mbili za pikipiki kwa kuweka bomba la mpira sikioni, akisikiliza kila moja inavyovuta hewa. Siku hizi masikio yalikuwa yamemtupa mkono, kwa hiyo akaja na mkewe duka la vipuri kununua kipimo cha mvuto huo, na pikipiki akaiacha inanguruma mlangoni ajaribie.

Cha mishale alikirudisha kwa hasira. "Mishale haitulii, kama wambea!"

Akaunganisha cha mirija miwili ya maji, kila mrija na kabureta yake, akakaza skrubu polepole. Maji mekundu yakapanda, yakashuka, kama vifua vya mapacha waliolala, mpaka yakalingana. Dunia nzima ikatulia.

Mkewe akamgusa bega. "Baba watoto, sikia inavyoimba."

Fundi akaisoma midomo yake, kisha akayatazama maji.

"Naiona," akasema.