Feni ya Fundi wa Nguo

Mume wangu hutengeneza redio na simu katika kibanda kilichopakana na jiko langu la samaki hapa Kisumu, upande wa ziwa. Nikiwa kwenye karai langu namwona kila anayeingia kwake na kutoka. Kwa hiyo nilimwona fundi wa nguo, mwanamke aliyehamia kibanda cha pili, siku alipokuja kulalamikia joto.

Joto nalijua mimi. Nasimama juu ya mafuta ya moto tangu asubuhi na hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini yule alipopangusa shingo tu kwa leso, mume wangu alichomoa kifeni kwenye kompyuta mbovu akaenda kumfungia.

Kifeni chenyewe kinataka volti kumi na mbili, na betri ya sola ya yule mwanamke inatoa hizohizo. Kilizunguka vizuri, ila kilipiga kelele na kupeperusha karatasi zake za kukatia nguo. Mwingine angeambiwa avumilie. Huyu alirudiwa. Mume wangu alipeleka kibao kidogo cha kupunguza umeme, chenye skrubu ya kurekebishia, akaanza kushusha. Akishusha mno, feni haianzi mpaka isukumwe kwa kidole. Akipandisha, kelele. Siku tatu aliinama pale na mita yake ya umeme, akisikiliza, mtu ambaye mlango wa nyumba yetu unakwaruza sakafu tangu mvua zilizopita na hausikii! Niliunguza samaki, nikamfokea mteja aliyeomba ndimu.

Siku ya nne nilikwenda kupimwa gauni nisilolihitaji.

"Karibu Mama," fundi alisema. "Bwana yako iko na mkono mzuri sana. Sasa hata haisikiki."

Kweli haikusikika. Alipogeuka kutafuta tepu ya kupimia, nilitoa kisu changu cha samaki kwenye aproni, nikaizungusha ile skrubu kwa ncha, mara nyingi. Nilitaka feni iungue. Haikuungua. Ilirudia tu nguvu zake za kwanza, ikanguruma, karatasi zikaruka hadi barabarani. Na fundi akafanya jambo ambalo ningelijua mapema kama wivu ungeniachia akili: akamwita mume wangu.

Niliwatazama kutoka jikoni kwangu, vichwa vyao vimekaribiana juu ya kibao. Mimi mwenyewe ndiye niliyemrudisha pale.

Alipomaliza alikuja akasimama mbele yangu, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na gamba la samaki.

"Hii nimetoa kwa skrubu," alisema. "Kama wewe pia unataka feni, Mama, si useme?"

Sikutaka feni. Nilitaka ainame kwangu vile, asikilize vile. Mimi ninayebishana na wavuvi wa Usenge bila kumeza mate, maneno hayo yalinishinda.

"Nataka," nikasema.

Alileta kifeni kingine na kibao kingine, akavifunga kwenye nguzo yangu, akavuta waya kutoka kwenye betri ya kibandani kwake. Nilipangusa mikono, nikasogea karibu nimshikie mita. Hakuhitaji msaada. Alizungusha skrubu mara moja: volti saba na nusu. Feni ikazunguka kimya, naye akaondoka kabla sijageuza samaki aliyekuwa kwenye mafuta. Kipimo alikuwa ameshakipata kule kwa fundi wa nguo.