Nusu ya Punje Yenye Kiini

Mtafiti wa mpunga hukata punje moja moja kwa wembe, ncha ya ulimi imetokeza kama ya mtoto anayejifunza kuandika. Mchele wa kawaida hufungia fosforasi yake mahali ambapo tumbo la mtu haliifikii; yeye anautafuta ule usioifungia. Nusu isiyo na kiini huisaga na kuidondoshea dawa. Ikigeuka buluu, amepata. Nusu yenye kiini huihifadhi aipande, kwa kuwa tabia hiyo hurithiwa. Hupuliza vidole kabla ya kuishika, na huiita "binti yangu". Mkewe, Émilie, huusikia mpulizo ule hata akiwa jikoni.

Vita vilipofunga njia za Kisangani, mtaa ukanong'ona kwamba nyumba ile inaficha mchele, na jina lao likaanza kuchafuka. Asubuhi moja jirani yao, Mama Kavugho, akaja mlangoni na wenzake. "Papa, batoto wanalala njaa, na wewe uko unacheza na mchele?"

Mtafiti akapuliza vidole, akamwekea nusu punje kiganjani. "Hii iko mbegu, mama. Tukiikula leo, hakuna shamba itaiona tena."

Kavugho akaikodolea macho. "Hii hata kuku hatashiba! Alors, basi, bibi yako naye hakuli?"

"Hata mimi sijauonja mchele huo," akajibu Émilie. Akaleta chungu, akakifunua mbele yao wote: pondu tupu, majani ya muhogo yasiyo na hata chumvi. Hakuinamisha kichwa.